Kishikizo, Buti na Theluji: Historia Fupi ya Istilahi Iliyokosekana

Mfasiri wa nchi yetu aweza kuimaliza kazi yake yote ya maisha bila kukutana na neno hata moja la mchezo wa kuteleza thelujini, wala asipungukiwe na kitu. Sisi nasi tulikuwa hivyo hivyo mpaka tulipofika Rulenge.

Tulikwenda Rulenge, wilayani Ngara, kwa kazi nyingine kabisa. Tulikuwa tukikusanya maneno ya mafundi viatu, kwa kuwa kamusi zetu zimeyataja maneno kadhaa ya ufundi huo kama yasemwavyo pwani, na kuyaacha mengi yasemwayo bara. Mji huo mdogo wa vilimani haukai mbali na mpaka wa Burundi. Siku ya gulio Kiswahili hupishana humo na Kishubi, Kihangaza na Kirundi, na mtu akitaka kujua neno gani limekubaliwa na wote na neno gani ni la kabila moja tu, hana haja ya kuandika hojaji. Na aketi kwenye benchi la fundi asikilize.

Tulikuwa tumeketi hivyo alipokuja mwalimu mmoja wa sekondari amebeba jozi ya mabuti mikononi kama abebaye matofali. Yalikuwa ya plastiki ngumu, marefu hadi katikati ya ugoko, kila moja lina bizimu 4 za chuma, na uzito wake haukuwa wa kawaida. Shemeji yake aliyanunua katika mitumba kwa bei ndogo, akiambiwa kuwa ni mabuti ya mgodini. Jina hilo halikushangaza, maana watu wa Ngara wamesikia habari za nikeli ya Kabanga kwa miaka mingi, na kiatu kigumu huko hudhaniwa upesi kuwa ni cha mchimbaji. Shemeji aliyavaa akateremka nayo shambani bondeni. Mabuti yalikataa kupinda kifundoni, kila hatua ikamsukuma mbele, na kabla hajafika kwenye migomba akaanguka na kuteguka kifundo cha mkono. Sasa mwalimu aliuliza kama fundi aweza kuyakata yawe viatu vya kawaida.

Fundi aliyageuza na kuyatazama kwa heshima ya mtu wa kazi. Hakuvutiwa na bizimu wala plastiki, bali na soli. Mbele ya soli palikuwa na mdomo mgumu uliochomoza, na nyuma ya kisigino mdomo mwingine. "Mwalimu," alisema, "kiatu hiki kimetengenezwa kishikwe na kitu. Hiyo midomo si ya kutembelea." Tukasema, kwa haraka ya watu wanaojiona wajuzi, kwamba ni viatu vya kuchezea thelujini, na midomo hiyo huingia katika kifungo kilichopigiliwa juu ya ubao. Fundi akacheka. "Kifungo cha miaka mingapi?"

Swali hilo tuliondoka nalo, na makala hii ndiyo jibu lake, kadiri tulivyoweza.

Kwanza tuitazame theluji yenyewe, maana watu wengi husema kwamba hatuna haja ya maneno ya kitu tusicho nacho. Si kweli kwamba hatunacho. Tarehe 11 Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona mlima Kilimanjaro, na kilele chake kimefunikwa na weupe. Ameandika kwamba kiongozi wake wa njia aliuita weupe huo kwa neno moja tu, baridi. Hatuoni kuwa mtu yule alikosa neno; alitaja kile alichokijua kuhusu kitu kile, yaani athari yake mwilini. Neno theluji limetoka katika Kiarabu na limekaa katika vitabu zaidi ya vinywani. Barafu nalo lina asili ya Kiajemi, na huko kwao maana yake ni theluji hasa. Lilipofika kwetu likachukua maana ya maji yaliyoganda, kwa sababu ndiyo yaliyokuwa yakihitaji jina. Watu wa Rulenge, ambao hawana theluji, wana mvua ya mawe, nao huijua sana kwa ajili ya mazao yao. Kwa hiyo lugha yetu imekwisha kulipitia jambo hili mara nyingi: neno hupokewa, kisha hupewa kazi iliyopo.

Mbao za kutelezea nazo zimefika kwetu zamani kuliko wengi wadhanivyo. Mwaka 1912, nchi ikiwa chini ya Wajerumani, Walter Furtwängler na Siegfried König walipanda Kibo wakiwa na mbao hizo, na kuzitumia waliposhuka. Mmojawapo ameachia jina lake kipande cha barafu kilichoko karibu na kilele. Barafu hiyo inakwisha. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2009 ulieleza kwamba karibu asilimia 85 ya eneo la barafu lililokuwako Kilimanjaro mwaka ule ule wa 1912 lilikuwa limetoweka kufikia mwaka 2007. Lakini kwa mintaarafu ya lugha, jambo hili latutosha: vishikizo vya mbao za thelujini vilikanyaga ardhi ya Tanganyika miaka 18 kabla ya kuanzishwa kwa ile Kamati ya Lugha ya mwaka 1930 iliyosanifisha Kiswahili cha kuandikia, na miaka 55 kabla ya sheria ya mwaka 1967 iliyoliunda Baraza la Kiswahili la Taifa. Hakuna aliyevipa jina kwa sababu hakuna aliyeulizwa.

Sasa turudi kwenye benchi la fundi. Mtu akidhani kwamba Kiswahili hakina msamiati wa kufunga kitu mguuni, na aifungue kamusi ya Frederick Johnson ya mwaka 1939, au Kamusi ya Kiswahili Sanifu iliyotolewa mwaka 1981. Atakuta msuruaki, kile kijiti kilichosimama juu ya mtalawanda, yaani kiatu cha mti, kinachobanwa kwa kidole gumba na kidole cha pili. Atakuta gidamu, kile kikanda cha ngozi kipitacho katikati ya vidole na kuunganishwa na kanda za juu za ndara. Atakuta bizimu, ukanda na ugwe. Na bila hata kufungua kamusi, anajua kandambili, jina ambalo halikuchukuliwa kwenye soli, wala kwenye mpira, wala kwenye nchi ya asili, bali kwenye kile kishikacho mguu: kanda, mbili. Twadhani ni mojawapo ya majina bora yaliyopata kutungwa na watu wasiokuwa na kamati.

Katika majina hayo yote mna jambo ambalo hatukuliona mpaka tulipolazimika kulitafuta. Mtalawanda, ndara na kandambili zote hushika mguu mbele na kuacha kisigino huru. Nazo zote huachia. Mwenye mtalawanda akijikwaa, vidole hufunguka, kiatu hubaki nyuma na mguu husalimika. Gidamu ikivutwa mno hukatika, nalo ni hasara ndogo kuliko mguu. Mafundi wa Rulenge wana neno la kila siku kwa tukio hilo, wala si wao peke yao walio nalo: husema gidamu imeachia. Tuliandika neno hilo daftarini bila kulijali, tukiwa bado tunawinda majina.

Wale walioishi na theluji nao walianza hapo hapo. Mbao za kutelezea zimetumika katika nchi za kaskazini kwa maelfu ya miaka, na kwa sehemu kubwa ya muda huo kilichoushika mguu kilikuwa ukanda mmoja uliopita juu ya vidole. Ubao wa namna hiyo wafaa kwa kutembea tambarare. Mtu akitaka kuruka au kukata kona mteremkoni, humtoka mguuni. Katika karne ya 19 Sondre Norheim, mtu wa Telemark katika Norway, alipata sifa kwa kuongeza kitanzi cha vitawi vilivyosokotwa kikazunguka kisigino, na mwaka 1868 akaonyesha ustadi wake katika mashindano ya Christiania, mji uitwao sasa Oslo. Kisigino kilishikwa, lakini kiliweza bado kuinuka. Mwaka 1894 Fritz Huitfeldt, naye wa Norway, alitia vyuma pande mbili za ncha ya kiatu ili kisiyumbe. Katika miaka hiyo hiyo Mathias Zdarsky wa Lilienfeld, Austria, alibuni kishikizo cha bamba la chuma kwa ajili ya miteremko mikali ya Alps. Mwaka 1927 Bror With akatoa kishikizo cha mbele tu, chenye vijino vya chuma vilivyoibana ncha ya soli, kikaitwa Rottefella. Maana ya jina hilo kwa Kinorway ni mtego wa panya. Twalitaja kwa makusudi: Wanorway hawakuona haya kukiita chombo chao kipya kwa jina la kitu cha stoo, kwa kuwa kilifanana nacho.

Hapo pana njia panda, na mfasiri asiyeiona atapotea. Njia ya kwanza iliendelea na kisigino huru. Ndiyo ya wale wanaokwenda masafa marefu juu ya theluji, kiatu chao ni chepesi kama raba, nacho hushikwa kwenye ncha peke yake. Njia ya pili ilikishika kisigino kikakaa chini kabisa, ili mtu aongoze ubao mzito mteremkoni. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1920 waya wenye springi ulipitishwa nyuma ya kisigino na kukazwa kwa wenzo, na baadaye kiatu chenyewe kikawa kigumu, hata katika miaka ya 1960 Bob Lange wa Marekani akaanza kutengeneza mabuti ya plastiki. Ile jozi ya Rulenge ni mjukuu wa mabuti hayo.

Njia ya pili ilileta uwezo mkubwa, ikaleta na mifupa iliyovunjika. Ubao wa karibu urefu wa mtu, uliofungwa kabisa mguuni, ukinasa kwenye theluji huku mwili ukiendelea kuzunguka, hugeuka kuwa wenzo wa kuusokota mguu. Wapanda farasi waliijua hatari ya namna hiyo tangu kale: kikuku kishikacho mguu wa mpandaji kikikataa kuuachia anapoanguka, farasi humburuta. Aliyelitafutia dawa jambo hili ni Hjalmar Hvam, mzaliwa wa Norway aliyehamia Portland, Oregon. Mwaka 1937 alivunjika mguu akiteleza, na akiwa amelazwa hospitali akapata wazo la kishikizo cha mbele kitakachouachia mguu ukisokotwa kupita kiasi. Alipata hataza yake mwaka 1939. Katika miaka ya 1950 mafundi wa Ulaya, Hannes Marker wa Ujerumani miongoni mwao, waliliendeleza wazo hilo, baadaye kisigino nacho kikapewa springi ya kuachia kwa kuruka juu. Kuvunjika ugoko kulipungua sana tangu miaka ya 1970. Magoti hayakupata nafuu kama hiyo, maana kano za goti hukatika kwa misukumo ambayo springi haiitambui vizuri.

Kwa hiyo chombo hiki kina kazi mbili zinazopingana, kushika na kuachia, na thamani yake yote imo katika kujua wakati wa kutoka katika ya kwanza kuingia katika ya pili. Sasa ndipo tulipoelewa fundi alicheka nini. Kifungo kwa Kiswahili ni kitu cha kufunga shati, na ni adhabu ya jela. Katika maana zote mbili hakijifungui. Shati hungoja mkono, na mfungwa hungoja muda wake utimie. Tulikuwa tumechagua, kwa uhodari wote, neno linalosema nusu ya jambo na kuficha ile nusu iletayo uhai.

Msomaji aweza kuuliza ni nani atakayeumia kwa neno baya la kitu kisichoonekana Ngara ila katika mitumba. Tunamjibu kwa kueleza jinsi vifaa hivi vinavyochaguliwa, maana huko ndiko neno linakofanya kazi.

Anayechagua huanza na buti, si kishikizo. Ile namba 27.5 iliyomshangaza mwalimu, aliyezoea 41 na 42, ni urefu wa mguu kwa sentimita, kwa kipimo kiitwacho Mondopoint. Mtu husimama ameegemeza kisigino ukutani na kupimwa hadi ncha ya kidole kirefu. Buti lina sehemu mbili: ganda la nje lililo gumu, na kiatu laini cha ndani ambacho sisi twapenda kukiita bitana, kama mshonaji aitavyo kitambaa cha ndani ya koti. Muuzaji mjuzi huitoa bitana, humwambia mteja atie mguu mtupu ndani ya ganda na kuvisogeza vidole mpaka viguse mbele, kisha hupima nafasi iliyobaki nyuma ya kisigino. Upana wa kidole kimoja hadi viwili watosha. Bitana ikirudishwa, mtu akisimama wima vidole viguse kidogo, na akikunja magoti vijitenge. Buti lisilobana hata kidogo dukani litampwaya mtu mlimani, na hapo ndipo wanaoanza wanapokosea, kwa kuwa wanalichagua kama watu wachaguavyo viatu vya kwendea kanisani. Soksi ni moja, nyembamba. Ugumu wa ganda kupinda huandikwa kwa namba kama 70 au 120. Anayeanza hutaka namba ndogo. Lakini namba hizo hazilingani kutoka kiwanda hadi kiwanda, na mfasiri asiziongezee neno lolote la kuzifanya zionekane kuwa kipimo kamili.

Baada ya buti ndipo kishikizo. Soli ya buti na kishikizo lazima ziwe za kiwango kimoja. Soli za buti la mteremkoni, zenye midomo migumu ya umbo lililowekwa na viwango vya kimataifa, haziingii salama katika kila kishikizo, wala kiatu cha kutembelea theluji hakiingii humo kabisa. Breki zake ziupite upana wa ubao bila kuzidi mno. Kisha huja namba iliyo muhimu kuliko zote, ile ionekanayo katika kidirisha cha kishikizo, mbele na nyuma, ambayo wachezaji huiita DIN kwa herufi za shirika la viwango la Ujerumani. Kwa vishikizo vingi vya watu wazima hupanda kutoka 3 au 4 hadi 10 na zaidi. Namba hiyo haichaguliwi kwa ushujaa. Hupatikana katika jedwali kwa uzito wa mtu, kimo chake, umri wake, namna anavyoteleza, na urefu wa soli ya buti lake kwa milimita. Aliyefikia miaka 50 hupunguziwa. Ndiyo maana buti la Rulenge lilikuwa na namba ya pili, 315 mm: si saizi, ni urefu wa wenzo. Soli ndefu huipa springi nguvu zaidi juu ya mguu ule ule, kwa hiyo hutakiwa namba ndogo. Fundi aliyefunzwa ndiye aiwekaye namba hiyo, kisha huijaribu kwa chombo.

Tujaribu kulitafsiri sasa agizo la kijikaratasi kinachofuatana na vifaa hivyo. Tukiandika: kaza kifungo mpaka namba 8, tumesema nini? Msomaji wetu ataelewa kwamba namba kubwa ni kukaza sana, na kukaza sana ni usalama, kama kamba ya mzigo wa baiskeli. Atapandisha hadi 10 kwa kujihakikishia. Hiyo ndiyo njia ya kuvunjika mguu, na aliyemwongoza ni mfasiri. Lakini tukiandika: kipimo cha kuachia kiwekwe 8, hata mtu asiyewahi kuiona theluji ataanza kujiuliza, kuachia nini, na kwa nguvu gani.

Wala wasomaji wa kijikaratasi hicho si wa kubuni. Philip Boit wa Kenya, aliyekuwa mkimbiaji wa mita 800, alipelekwa Finland mwaka 1996 kujifunza mchezo huu, na Februari 1998 akashiriki mbio za kilomita 10 katika Olimpiki ya Nagano, Japani. Alifika wa mwisho, takriban dakika 20 nyuma ya mshindi Bjørn Dæhlie wa Norway, ambaye alimngojea mstarini akamkumbatia. Boit alimwita mwanawe Dæhlie. Alishiriki tena Salt Lake City mwaka 2002 na Torino mwaka 2006. Kiatu chake kilikuwa cha njia ya kwanza, ncha imeshikwa na kisigino huru. Kwa maneno ya kwetu, ndugu wa kandambili. Sabrina Simader, aliyezaliwa Kenya na kukulia Austria, alishindana kwa njia ya pili huko Pyeongchang mwaka 2018, mwenye buti gumu na kisigino kilichoshikwa. Mwandishi wa michezo anayewaita wote wawili wachezaji wa ski bila kutofautisha ni kama yule anayemwita mkimbiaji wa marathoni na mruka viunzi kwa jina moja la mwanariadha. Hajakosea, lakini hajasema kitu.

Nao wako wengine wasio na jina gazetini. Kuanzia mwaka 2007 maelfu ya Warundi waliokimbia nchi yao mwaka 1972 walihamishwa kutoka kambi za Tanzania kwenda Marekani. Wengi wamekaa nasi miaka mingi wakizungumza Kiswahili pamoja na Kirundi, na watoto wao wanasoma katika nchi ambako theluji huanguka. Baba akiletewa fomu ya kukodisha vifaa vya mtoto, ikimtaka ataje uzito, kimo na umri, aghalabu ataona haya kuuliza kwa nini. Akiona haya au akitia chumvi, akapunguza uzito au kumwongezea mtoto ujuzi, springi haitajua kwamba ameongopewa.

Twapendekeza basi kama ifuatavyo, na tunajua kwamba pendekezo si uamuzi. Ubao wenyewe uitwe skii, katika ngeli ya i/zi, kwa kuwa maelezo marefu kama ubao wa kutelezea thelujini yafaa mara ya kwanza tu katika maandishi. Buti libaki buti. Neno limekwisha kuwa letu. Kwa kile kishikacho, tulilifikiria kwanza neno kifyatuzi, kwa sababu -fyatuka ni kitenzi cha mtego na springi, na ule mtego wa panya wa Norway ulitushawishi. Tumeliacha. Kufyatuka kwetu ni ajali au shambulio, bunduki hufyatuka, na kufyatua ni kazi ya wafyatua matofali. Tena neno hilo linakosea upande wa pili, kwa kutaja kuachia na kusahau kushika. Kibano ni kizito mno, na kinanuka kiwanda. Tumebaki na kishikizo, neno la washonaji, ambalo hudokeza kushika kwa kiasi, na lisilo na jela ndani yake. Kishikizo cha kisigino huru kwa wa masafa, kishikizo cha kisigino funge kwa wa mteremkoni. Tunakiri kwamba hilo la pili limeurudisha mzizi wa kufunga kwa mlango wa nyuma; anayelo lililo bora atuandikie. Ile namba ni kipimo cha kuachia, na chombo kikifanya kazi yake, kishikizo kimeachia, kama gidamu. Mdomo wa mbele na mdomo wa nyuma ni maneno ya fundi wa Rulenge, hatukuyagusa.

Mwenzetu mmoja ofisini alipinga. Alisema istilahi iliyochukuliwa katika kandambili haina hadhi ya kiufundi, na kwamba wageni watatucheka. Hatukukubaliana naye, wala yeye nasi. Tulimwuliza tu jina Rottefella maana yake nini.

Kabla ya kuondoka Rulenge tulipita tena kwa fundi. Mabuti hayakukatika kwa kisu wala kwa msumeno wake mdogo, naye akasema plastiki ile ingemharibia nyembe bure. Alizing'oa bizimu zote 8 akazitia katika kopo, kwa kuwa bizimu nzuri ni adimu, na mwalimu akapunguziwa gharama ya kushonewa mkoba. Bitana zilitolewa zikawa malapa ya ndani ya shemeji, ambaye mkono wake ulikuwa bado umefungwa kitambaa. Maganda mawili yalisimama kando ya mlango, yamejazwa udongo, na katika moja palikuwa pameota pilipili.